Dawa ya filamu si mchuzi wa kuongezewa maji wageni wakizidi!

Wadau, nina hasira na sitaficha. Wiki iliyopita nilipeleka filamu moja ya HP5 Plus, ile ya Ilford ya nyeusi na nyeupe, ikasafishwe kwa studio fulani hapa Kisumu mjini. Picha 36 za Dunga, ufuo wa wavuvi: mashua, akina mama wakianika omena, na mzee mmoja aliyekubali kupigwa picha baada ya kubembelezwa siku tatu. Nikalipa mia nane. Nimerudishiwa negativu nyepesi hivi kwamba ukizilaza juu ya gazeti unasoma habari zote.

Kumuuliza fundi, ananijibu bila haya: "Bosi, kamera yako haikupata mwanga."

Kamera? Tazameni kingo za filamu. Yale maandishi na nambari za fremu hazipigwi na kamera yangu, zimechomwa kiwandani. Dawa ikifanya kazi yake zinatoka nyeusi tititi. Zangu ni kijivu cha kubahatisha. Kwa hiyo kosa limo ndani ya tangi lako la kusafishia, fundi.

Nilipombana akasema ukweli: alitumia ID-11, dawa ya Ilford ya kutokeza picha kwenye filamu, akaichanganya 1+3, sehemu moja dawa, tatu maji, "ili chembe ziwe laini", yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Dakika ngapi? Saba na nusu!

Saba na nusu ni muda wa dawa isiyotiwa maji, kwa nyuzi 20. Ukichanganya 1+1 ni dakika 13. Kwa 1+3 ni 20. Akajitetea eti joto la Kisumu linasaidia. Kweli joto huharakisha, lakini hata kwa nyuzi 24 hizo 20 hushuka hadi 14 hivi. Dakika sita na nusu zangu zimeenda wapi?

Na hiyo hoja ya chembe laini ni kinyume kabisa. Kwenye ID-11, sawa na D-76, dawa ya Kodak iliyoanza miaka ya 1920, kinacholainisha chembe ni kemikali ya salfaiti, gramu 100 kwa lita, inayozilamba kingo chembe hizo. Ukichanganya 1+3 zinabaki gramu 25, hazilambi kitu. Utapata picha kali zaidi, sawa, na mimi mwenyewe huipenda hivyo kwa mandhari, lakini chembe zitajitokeza zaidi.

Halafu tangi lenyewe ni la ml 300. Piga hesabu: dawa halisi humo ni ml 75. Lita moja ya ID-11 isiyotiwa maji husafisha filamu 10, yaani ml 100 kwa kila moja. Hata angengoja dakika zote 20, bado angekuwa anabana.

Kilichonimaliza ni kumwona akirudisha dawa ya mteja mwingine chupani. Iliyochanganywa hutumika mara moja, inamwagwa! Sasa sijui yangu ilikuwa imeshasafisha filamu za watu wangapi.

Nataka mia nane yangu. Risiti ninayo, imeandikwa "dawa mpya".