Bei ya dola 5.99 ni ya nani? Kuponi za simu zinawapiga wazee wetu hapa Grand Rapids

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Kuna duka kubwa la vyakula hapa Grand Rapids. Silitaji, maana mchezo wenyewe siku hizi unachezwa karibu kila mahali. Nilimsindikiza mama mmoja jirani yangu, Mkongo mwenzetu wa Kivu ya Kusini, mtu mzima aliyevuka miaka sabini, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku Michigan. Kiingereza hasomi, lakini tarakimu anazisoma kuliko mimi. Akafika kwenye sabuni za kufulia, akaona kibandiko cha njano kipana kama kiganja, 5.99, tarakimu ambazo hata ukiwa upande wa mikate unaziona. Akachukua madumu mawili. Hesabu alishaipiga kichwani, na noti zake zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge kama kawaida yake.

Kwa keshia dumu la kwanza likasoma 9.99. La pili 9.99.

Nikarudi shelfuni mbio nikidhani wamekosea. Nikainama mpaka pua inakaribia kugusa kibandiko. Chini ya ile 5.99 kuna mstari mmoja wa herufi za sisimizi: bei hii ni kwa wenye kuponi ya kidijitali, mpaka vitu vitano, kwa manunuzi ya mara moja. Na kwenye kona, kwa wino mwembamba, bei ya kawaida: 9.99.

Keshia alikuwa binti mpole, sina neno naye. Akaomba namba ya simu. Mama akataja. Haipo. Kumbe mwanawe alimfungulia akaunti zamani kwa laini ya kulipia kabla, laini ikafa, akapewa nyingine. Haya, tubadilishe namba kwenye akaunti. Mfumo unasema umetuma meseji ya uthibitisho. Umeituma wapi? Kwenye ile laini iliyokufa! Basi tufungue akaunti mpya. Inataka barua pepe. Mama hana barua pepe, na hajawahi kuihitaji tangu azaliwe. Nikasema tumia yangu. Kuponi yangu ya sabuni hiyohiyo nilishaitumia mwanzoni mwa wiki, haikubali tena. Intaneti ya humo ndani nayo inazunguka tu, haifunguki. Nyuma yetu watu wameanza kushusha pumzi kwa sauti.

Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, acha. Warudishie moja." Akalipa dola 10.59 kwa dumu moja, kodi ya asilimia 6 ikiwamo. Pesa aliyokuja nayo kwa madumu mawili imeishia kwenye moja, na chenji kidogo ya kurudia nyumbani.

Sasa niambieni, hilo ni punguzo la nani?

Wengine mtasema ni dola nne tu. Hebu tuelewane kuhusu hizo dola nne. Wazee wetu wengi wana Bridge Card, kadi ya msaada wa chakula ya hapa Michigan. Ile kadi inanunua unga, maharage, nyama, maziwa. Sabuni haigusi. Pampasi haigusi. Karatasi za chooni, dawa ya meno, sabuni ya vyombo, vyote havimo. Hivyo unalipa kwa noti, na noti ndizo adimu kwenye nyumba ya mzee anayesubiri pesa yake ya mwezi. Tena chakula hapa Michigan hakikatwi kodi ya mauzo, lakini sabuni inakatwa. Kwa hiyo palepale pesa taslimu inapobana ndipo kuponi ingesaidia, na palepale ndipo wameweka kufuli. (Na kama kuponi ni ya kiwanda, kodi yenyewe inapigwa kwenye bei kamili kabla ya kupunguzwa. Angalieni risiti zenu.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuponi haikuwa hivi. Tulipofika mara ya kwanza, kina mama wa kanisani walitufundisha: Jumapili unachukua gazeti, mle ndani mna vijarida vya kuponi, unakata kwa mkasi, unamkabidhi keshia. Basi. Hujui Kiingereza? Picha ya sabuni unaiona na senti 75 unaziona. Nilikuwa najua mabibi wenye bahasha zimepangwa kwa tarehe za kuisha, ukimwambia umeishiwa pampasi anakuchomolea kuponi kama mpiga karata. Na duka halikuwa linapata hasara: kuponi ya kiwanda, duka huirudisha kwa kiwanda likalipwa thamani yake yote, na senti kama 8 juu yake kwa usumbufu. Coca-Cola walianza kugawa karatasi za glasi moja ya bure mwishoni mwa miaka ya 1880, na hakuna mnywaji aliyeulizwa barua pepe yake.

Vile vijarida vimekonda, viwanda vikubwa vimehamia kwenye simu, na duka nalo limepata kisingizio. Siku hizi ofa zote nono zimo kwenye aplikesheni. Ili upate sabuni kwa 5.99 unatakiwa uwe na simu janja, bando, akaunti, barua pepe, nywila, ukumbuke kubofya kila kuponi moja moja KABLA ya kulipa, na ufanye yote hayo kwa Kiingereza. Ukisahau kubofya, imekula kwako, hata kama akaunti unayo na namba umetaja. Nimewahi kuona mzee Mmarekani kabisa, mzaliwa wa hapahapa, anabishana na keshia kuhusu nyama kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo msiniambie ni shida ya wakimbizi kutojifunza.

Kwa nini wanataka tubofye? Kwa sababu karatasi haisemi chochote kuhusu wewe. Aplikesheni inajua unanunua nini, lini, na dola ngapi zinakufanya uache. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitoa Januari 2025 matokeo ya awali ya uchunguzi wake kuhusu kampuni zinazouza mifumo ya kupanga bei kwa kutumia taarifa za mteja, kuanzia mahali alipo mpaka jinsi anavyosogeza kipanya kwenye ukurasa. Sasa mama yangu yule ambaye hana aplikesheni analipa dola nne za ziada kwa kosa la kutojulikana. Kule Nyarugusu mgao ulikuwa mdogo na ulipunguzwa mara kwa mara, lakini ukipunguzwa unatangaziwa na foleni nzima inapunguziwa. Hapa mnasimama foleni moja, dumu moja, bei mbili, na yule mnyonge ndiye anayelipa kubwa.

Halafu nikasema nina sheria. Michigan ina sheria ya 2011 ya bei za madukani. Mashine ikikutoza zaidi ya bei iliyobandikwa, unayo risiti, unawaambia ndani ya siku 30, wanatakiwa wakurudishie tofauti pamoja na bonasi ya mara kumi ya tofauti hiyo, isiyopungua dola 1 wala kuzidi dola 5. Wana siku mbili za kufanya hivyo, wakikataa unaweza kuwashitaki. Wengi wenu hamuijui, na ni haki yenu, itumieni! Nikaenda meza ya huduma kwa wateja na risiti ya mama, kifua mbele. Msimamizi akanisikiliza vizuri sana, akanipeleka shelfuni, akaweka kidole kwenye herufi za sisimizi. Bei iliyobandikwa ni 9.99, akasema. Ile 5.99 ni kuponi. Mashine haijakosea.

Yaani tarakimu kubwa kama kiganja haihesabiki kuwa bei, ila ile ya kwenye kona ndiyo bei! Nikamuuliza, kama 9.99 ndiyo bei, kwa nini hamkuiandika kwa ukubwa ule? Akatabasamu.

Msiseme haiwezekani kurekebishwa. Mwaka 2025 baraza la jiji la San Diego, kule California, lilipitisha kanuni kwamba duka la vyakula likitoa ofa ya kidijitali lazima liwe na kuponi ya karatasi yenye punguzo lilelile kwa anayeihitaji. Karatasi tu. Hawakuambiwa wafunge aplikesheni zao. Grand Rapids inashindwa nini?

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Mnaosema "si umfundishe tu mama kutumia simu": nimemfundisha. Anapiga video ya WhatsApp na dada zake walioko Uvira kila Jumapili, simu siyo tatizo. Tatizo ni aplikesheni yenye kuponi mamia kwa Kiingereza, ambayo inakutoa nje kila baada ya muda na kukudai nywila upya. Hebu jaribuni wenyewe mkiwa mmesimama kati ya mikokoteni, mtoto analia, halafu mrudi kunifundisha ustaarabu wa kisasa.

Ndugu aliyesema kuponi ni hisani ya duka na hisani hailazimishwi. Kaka, hisani haibandikwi kwa tarakimu za kuvuta watu halafu ikafungwa mlango. Na usidhani wanafanya kwa upendo. Maduka ya nguo ya J.C. Penney mwaka 2012, chini ya mkurugenzi wao mpya Ron Johnson aliyetoka Apple, walifuta kuponi wakaweka bei moja ya wazi kila siku. Mauzo yakaporomoka kwa robo hivi ndani ya mwaka, na Aprili 2013 bwana yule akawa nje. Maduka mengine yote yaliangalia yakaelewa: watu wanapenda kuhisi wameshinda kitu. Ndiyo maana bei ya kawaida inakaa juu, ili kuponi ionekane ushindi. Na gharama ya ushindi wako wewe na mimi anailipa mama asiyebofya.

Dada aliyesema twende Aldi, lile duka la bei nafuu: kweli, pale bei ni ile unayoiona, na robo dola unayoingiza kufungulia mkokoteni unarudishiwa. Mimi mwenyewe naenda. Lakini mama anaishi karibu na duka lile, na basi analopanda linapita pale, na majira ya theluji huwezi kumwambia mtu wa umri ule abadilishe mabasi mawili kwa ajili ya sabuni. Maduka yetu ya Kiafrika nayo yana unga wa muhogo na dagaa, na bei anakutajia mwenye duka kwa mdomo, lakini sabuni ya kufulia kwao ni ghali, tusidanganyane.

Aliyeuliza kama kuna punguzo lolote lisilo na ujanja: lipo la mboga na matunda, Double Up Food Bucks. Lilianzia hapahapa Michigan, kwenye masoko ya wakulima ya Detroit, mwaka 2009. Ukinunua matunda na mboga kwa Bridge Card kwenye soko au duka lililomo kwenye mpango, unaongezewa dola kwa dola mpaka kiwango fulani. Soko la Fulton Street waulizeni pale kwenye meza ya taarifa, wanaeleza vizuri. Kwa sabuni hakuna kitu kama hicho.

Na yule aliyesema ukienda meza ya huduma ukaomba kwa adabu wanakupa bei ya kuponi hata bila akaunti: ni kweli, baadhi ya maduka wanafanya, na mnaoongozana na wazee ombeni kila mara. Mimi siku ile sikupewa. Na mama asiyejua Kiingereza na asiye na mtu wa kumsindikiza, aombe kwa lugha gani?

Sasa nataka kitu kimoja kutoka kwenu. Wa Grand Rapids na miji jirani ya Kentwood na Wyoming, mkiona kibandiko cha namna hii, kipigeni picha mbili: moja ya mbali, kama mteja anavyokiona akipita, na moja ya karibu, herufi ndogo zisomeke. Ongezeni picha ya risiti, tarehe ionekane, namba ya akaunti na ya kadi mzifunike. Wekeni hapa chini. Zikifika za kutosha nazichapisha na kuzipeleka kwenye kikao cha Kamisheni ya Jiji, na mama amesema atakuja. Natafuta mtu wa kumtafsiria mbele yao, maana mimi nikisimama pale nitapayuka.