Tupeane uzoefu: uvumi wa misafara na wanajeshi mpakani mwa Marekani ulikukuta wapi?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Kila baada ya muda kwenye makundi ya WhatsApp unazuka ujumbe uleule: "msafara mwingine unakuja, jeshi limeruhusiwa kupiga risasi." Au kinyume chake: "mpaka unafunguliwa Jumatatu, mwenye mtoto anapita." Mliokuwa karibu na mambo haya tusimulieni mlichokiona. Siasa za nani ana haki tuziache.

Kuwakumbusha tu: Oktoba 2018 msafara wa wahamiaji ulitoka San Pedro Sula, Honduras, kwa miguu kuelekea Marekani. Trump akasema ndani yao wamo watu wasiojulikana wa Mashariki ya Kati. Kesho yake akakiri hakuna ushahidi. Wakati huohuo zikasambaa picha za polisi wa Mexico wanaovuja damu, eti wamepigwa na msafara. Zilikuwa za miaka ya nyuma.

Kijana wa Kakamega
Mimi nilikuwa upande wa gwanda. Wakenya tuko wengi jeshini huku Marekani. Tangazo la kwanza lilisema wanajeshi 5,200, halafu rais akataja hata 15,000. Idadi haikufika 6,000. Uchaguzi wa Bunge la Marekani ulikuwa Novemba 6, kwa hiyo kila mtu kambini alikuwa na tafsiri yake ya kwa nini tuko pale.

Kazi yetu? Kutandaza seng'enge za nyembe kusini mwa Texas na kupiga mahema. Kuna sheria ya 1878 inayozuia jeshi kufanya kazi ya polisi ndani ya nchi, hivyo kukamata mhamiaji haikuwa yetu, ilikuwa ya walinzi wa mpaka. Lakini jioni, simu zikiwa mkononi, unasikia jamaa akisema wanakuja na bunduki, mwingine wana magonjwa. Afisa anakanusha asubuhi, usiku yanaanza upya.

Mama akanipigia kutoka nyumbani analia, ameambiwa kanisani kwamba tumeanza vita na Mexico. Nikamwambia, mama, adui wangu leo ni matope.

Na msafara wenyewe haukuja kwetu. Ulielekea Tijuana, mji wa Mexico ulio mpakani, zaidi ya kilomita 2,000 magharibi.

Pwani Yetu
Hahaha, matope! Lakini Tijuana mabomu ya machozi yalipigwa, Novemba 25. Hilo halikuwa uvumi.

Kijana wa Kakamega
Kweli kabisa. Waliopiga ni walinzi wa mpaka, si jeshi. Nyumbani wengi walichanganya.

Mama wa Uvira
Hamjambo wandugu. Sisi Wakongo tulipita njia ndefu: Angola, Brazil, tukapanda mpaka Kolombia, tukaingia pori la Darién, linalotenganisha Kolombia na Panama. Humo porini uvumi ndio ramani. Mpitishaji anasema mto umeshuka, mwingine anasema usivuke, kuna wezi. Unamsikiliza nani? Miye nilitazama wanaorudi. Kama hakuna anayerudi kwa hofu, ninatembea.

Tulipofika San Antonio, Texas, Juni 2019, tulikuwa Waafrika mamia. Jiji likawa linatafuta watu wa kutafsiri Kifaransa na Lingala. Hapo nikasikia tumeandikwa mtandaoni kwamba tumeleta Ebola! Idara ya afya ya jiji ilikanusha, lakini mama mmoja kwenye basi alimvuta mtoto wake nilipokaa karibu. Nilitamani kumwambia: Ebola iko Beni na Butembo, kaskazini, mbali na kwetu. Na ugonjwa ule hujionyesha ndani ya siku 21. Mimi niko njiani miezi! Kama ningekuwa nao ningekufa kabla ya kuona Panama. Kiingereza sikuwa nacho.

Kisha Portland, Maine. Walitulaza kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, vitanda vimepangwa sakafuni. Na huko kulikuwa na maneno, kwamba wengine mamia wako njiani, jiji litajaa. Ila watu walichanga zaidi ya dola 900,000. Hizo habari hazikusambaa kwenye makundi yenu, ninajua.

Mrundi Njiani
Mama ulibahatika kupita mapema. Mwezi huohuo wa sita Trump alitishia Mexico kwa ushuru, nao wakapeleka Walinzi wa Taifa kusini. Zamani Tapachula, mji wa kusini mwa Mexico, ukipewa karatasi, ulikuwa na kama siku ishirini za kutoka nchini, nawe ukatokea kaskazini. Mwezi wa saba karatasi ile ikakosa nguvu. Tukalala nje ya kituo cha uhamiaji.

Oktoba ikaja sauti ya WhatsApp: Jumamosi alfajiri tunatoka wote, Wahaiti, Wakameruni, Waamerika ya Kati, wakituona wengi wataogopa. Tukatoka kama elfu mbili. Walinzi walituzingira siku ileile, karibu na Tuzantán, wakaturudisha kwa mabasi.

Pwani Yetu
Nani aliituma hiyo sauti?

Mrundi Njiani
Kila mmoja alipata kwa mwenzake. Tena waliokuwa na viatu vibovu ndio walioamini zaidi, sijui kwa nini.

Mwanzisha mada
Bado hatujapata mtu wa Tijuana enzi za lile daftari la namba, ambapo wahamiaji wenyewe walishika orodha ya kuomba hifadhi. Nasikia namba ziliuzwa. Aliyekuwepo atuambie.