Ukurasa wa Black Panther wa 1966 kwa dola 1,500: ni mkono wa Kirby kweli?

Vipuri_Chumbageni

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Nipo Tanga, Chumbageni, nauza vipuri vya pikipiki. Tangu utotoni napenda vitabu vya katuni za mashujaa, vile alivyokuwa akituletea marehemu baba mdogo, baharia, kila meli yake ikirudi. Vitabu ninavyo, kabati limejaa. Sasa natamani kitu kimoja zaidi: ukurasa halisi, ule uliochorwa kwa mkono kabla kitabu hakijachapwa.

Nimempata muuzaji mtandaoni. Anasema anao ukurasa wa Fantastic Four namba 52, ya Julai 1966, toleo ambalo Black Panther alitokea kwa mara ya kwanza. Penseli ya Jack Kirby, wino wa Joe Sinnott. Mnisamehe nikisema hivi, lakini kwangu Black Panther si mhusika tu. Mfalme Mwafrika, nchi yake inaendesha mambo yake yenyewe, na kachorwa mwaka ambao sisi wenyewe tulikuwa na uhuru wa miaka mitano. Ukurasa huo ningeuacha kwa wanangu.

Kwa picha alizonitumia, karatasi ni ngumu, sentimita 28 kwa 43, rangi zinawaka, nyekundu na buluu safi kabisa, na chini kuna sahihi ya Kirby. Anataka dola 1,500, nusu sasa, nusu mzigo ukifika. Ni karibu milioni nne, nimeziweka kidogo kidogo. Anasema kuna mteja wa Ujerumani naye anautaka, kwa hiyo nijibu kabla ya Ijumaa.

Nitajuaje kama ni wenyewe? Bei ni ya haki? Na nikiupata nitautunzaje hapa pwani, maana hata vyeti vyangu vya shule vimeshaota madoa?

MamaBarabaraYa12

Mwanangu, haya ya katuni siyajui, ila biashara naijua. Mtu anayekuwekea siku na kukutajia mteja mwingine usiyemwona, huyo anataka usifikiri. Ijumaa ikipita na ipite. Usitume hata senti mpaka wanaojua wakujibu.

MpigaPlate

Vipuri, salamu. Mama hapo juu kasema kweli, usitume hiyo hela. Nitaeleza kwa nini, na nitakuwa mrefu, kwa sababu nataka siku nyingine ujikagulie mwenyewe.

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji hapa hapa Tanga, chumba cha giza, kwenye ile kamera kubwa ya kupigia filamu za plate, yaani vile vibao vya kuchapia. Kalenda, majalada ya daftari, lebo za sabuni, katuni za magazeti, vyote vilipita mbele ya lenzi yangu vikiwa bado michoro ya mkono. Mitambo ya Wamarekani ilikuwa mingine, lakini hatua ya kamera ni ile ile. Kwa hiyo ukurasa kama huo mimi siutazami kama picha ya kutundika ukutani. Nautazama kama kifaa cha kazi, kilichotengenezwa kisimame mbele ya kamera kipigwe, basi. Na karibu kila kilichomo kimekaa pale kwa ajili ya kamera.

Tuanze na rangi. Kamera ile, kwa kazi ya mistari, inajua nyeusi na nyeupe tu. Kirby alichora kwa penseli, fundi wa herufi akaandika maneno ndani ya viputo, Sinnott akapita juu kwa wino mweusi, penseli ikafutwa. Ukurasa umekwisha. Rangi hazikuwekwa hapo. Zilipakwa kwenye nakala nyingine ndogo, kumwonyesha mtengeneza plate wapi nyekundu, wapi njano, nzito kiasi gani. Sasa huyu anakuonyesha ukurasa wa 1966 unaowaka rangi. Ama mtu kaupaka baadaye na kuuharibu, ama si ukurasa wa kazi kabisa. Mimi naamini la pili, na sababu yangu ni vipimo.

Mpaka karibu 1967, wachoraji wa vitabu hivi walichora kwa ukubwa unaokaribia mara mbili ya kitabu. Eneo la mchoro peke yake, bila pambizo, lilikuwa kama inchi 12 na nusu kwa 18 na nusu, yaani sentimita 32 kwa 47. Baada ya hapo ndipo wakahamia karatasi ya inchi 11 kwa 17, mchoro ukawa 10 kwa 15. Chukua futi yako: inchi 11 kwa 17 ndizo hizo sentimita 28 kwa 43 alizokutajia. Mchoro wa Julai 1966 hauenei hata kwenye karatasi aliyoishika. Hakuna haja ya kubishana naye zaidi ya hapo.

(Kwa nini walichora kwa ukubwa ule? Lenzi ikipunguza mchoro, mtetemo wa mkono unapotea na mstari unakaza. Wachoraji waliotuletea kazi tuliwaambia hivyo hivyo: leta kubwa, tutapunguza sisi.)

Sahihi isikupumbaze. Ukurasa wa ndani haukuhitaji sahihi ili uchapwe. Mchoraji anaweza kusaini miaka mingi baadaye akiombwa, na mtu mwingine yeyote mwenye kalamu anaweza kujifanya yeye. Mimi sahihi naitazama mwisho.

Ninachotazama kwanza ni alama za kazi, zile ambazo mghushi mvivu huzisahau. Fundi cherehani mzuri huacha chaki upande wa ndani wa koti, na hapa ni vivyo hivyo. Utaona maandishi ya penseli ya buluu pembeni, kwa sababu filamu tuliyotumia haikuisoma buluu hafifu, kwa hiyo maelekezo yaliandikwa humo humo bila kuharibu kitu. Utaona rangi nyeupe iliyofunika kosa, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha inasimama juu ya wino. Utaona kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kiputo kwa sababu maneno yalibadilishwa, na gundi yake imegeuka kahawia. Jina la kitabu, namba ya toleo na namba ya ukurasa viko juu, na mara nyingi upande wa nyuma kuna muhuri wa Comics Code, ile kamati ya maadili iliyoundwa 1954.

Kwa Kirby kuna jambo moja zaidi ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Miaka ile pale Marvel, kampuni iliyotoa Fantastic Four, yeye alichora hadithi kwanza, mwandishi Stan Lee akaja kuandika maneno baadaye. Kwa hiyo Kirby alikuwa akimwandikia kwa penseli kwenye pambizo: huyu sasa anafanya hivi, yule anajibu vile. Kurasa nyingi zilikatwa kingo, lakini zilizobaki na pambizo zake unasikia kabisa mtu akisimulia. Huyo muuzaji mwombe picha ya pambizo na ya upande wa nyuma, mchana, bila flashi. Wenye mali halisi hutuma bila kinyongo.

Bei nayo inasema. Kurasa za Fantastic Four za Kirby za katikati ya miaka ya sitini huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Januari 2022, kwenye mnada wa Heritage kule Dallas, ukurasa mmoja wa Mike Zeck, wa 25 katika Secret Wars namba 8, ule wa Spider-Man na vazi jeusi, ulifika dola milioni 3.36. Ukurasa wa toleo la kwanza la Black Panther hautembei mtandaoni ukitafuta mtu wa dola 1,500.

BintiKaole

Shikamoo MpigaPlate. Mimi ni mchoraji, nipo Bagamoyo, nimesoma hapo Chuo cha Sanaa. Naongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko wino: ukurasa umetokaje kwa aliyeuchora?

Zamani kampuni zile zilihesabu mchoro kuwa mali yao. Zilizobaki ghalani zilibaki, nyingine zikagawiwa, nyingine zikatupwa, nyingine zikaibwa na kuuzwa. Kurudishiwa kazi kulianza kuwa kawaida miaka ya sabini, baada ya wachoraji kama Neal Adams kupiga kelele. Kirby, aliyewachorea maelfu ya kurasa, walimtaka kwanza asaini karatasi ndefu ya masharti ambayo wenzake hawakutakiwa kuisaini. Alikataa, wachoraji wengi wakasimama naye, na mwaka 1987 akarudishiwa kama kurasa 2,000 tu kati ya zaidi ya 10,000. Nyingine zilikuwa zimeshapotelea mikononi mwa watu.

Ndiyo maana mimi nauliza kila muuzaji: ulinunua kwa nani, mwaka gani, risiti iko wapi? Siku tukizoea kununua bila kuuliza, mchoraji ndiye anayelipa. Kuna na mfano mzuri: kurasa zote 24 za Steve Ditko za toleo la Agosti 1962 lililomtambulisha Spider-Man zilipelekwa 2008 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu ambaye hakutaka kutajwa. Angeweza kuziuza akawa tajiri. Leo yupo mwanafunzi anaomba kuziona na anazisoma mstari kwa mstari.

Vipuri_Chumbageni

Shikamoo mzee, na ahsante sana dada. Nimemwomba picha ya nyuma na vipimo vya mchoro wenyewe. Kajibu kwamba kama simwamini nimwache. Nimemwacha.

Nimeumia, siwezi kuficha, nilikuwa nimeshaandaa na mahali pa kuuweka sebuleni. Lakini hela bado ninayo na hamu haijaisha. Je, kuna kitu cha kweli ambacho mtu wa kipato changu anaweza kupata? Na lile la unyevu bado sijajibiwa.

MpigaPlate

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema, na hamu yako ni nzuri, usiiue.

Kipo. Jalada ndilo ghali kuliko vyote, linafuata ukurasa wa picha moja kubwa, kisha kurasa za vijisanduku ambazo shujaa yumo kavaa vazi lake. Mwisho kabisa zinakuja kurasa za watu wakizungumza tu mezani, hakuna ngumi, hakuna barakoa. Hizo, za miaka ya sabini mwishoni na themanini, za vitabu visivyo na jina kubwa, hupatikana kwa mamia ya dola, si maelfu. Na mkono ni mkono: mtu aliyeweza kufanya mazungumzo ya mezani yasichoshe ni fundi. Nunua kwa mchoraji mwenyewe, wapo wanaouza kazi zao, au kwenye mnada unaoandika historia ya ukurasa.

La pili nakuomba ulifikirie. Hapa kwetu Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na vijana wa Sani wakajaza magazeti wahusika ambao mtaa mzima uliwaita kwa majina. Hao nao walichora kwa wino kwenye karatasi ngumu, na michoro kama hiyo ndiyo niliyoipiga mimi. Unajua ilikwenda wapi baada ya filamu kutoka? Mingi iliwekwa sakafuni kuzuia wino usidondoke kwenye saruji. Nimeikanyaga kwa miguu yangu, na hakuna aliyetuambia tuiweke. Iliyosalia iko kwenye masanduku ya familia za wachoraji, chini ya vitanda, na mchwa hawangoji Ijumaa. Kwa hizo milioni nne zako unaweza kuokoa mingi, ukamlipa mchoraji au wanawe hela ya maana, na ukaandikiana nao karatasi.

Sasa unyevu. Usiupeleke mchoro stationery ukapigwe lamination, nakusihi. Joto na gundi vitauua siku hiyo hiyo. Usitie selotepu. Weka ndani ya mfuko wa plastiki ya polyester, ile angavu isiyonuka, ukiwa na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Laza ndani ya kabati la chuma, si la mbao, mbali na ukuta wa upande wa bahari na juu kidogo ya sakafu. Tia vile vipakiti vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe masika. Ukitaka kuonyesha wageni, piga nakala nzuri ndiyo uitundike sebuleni. Wino mweusi wa kichina unastahimili mwanga, lakini karatasi inageuka njano, na kalamu za felti zinapauka kabisa.

BintiKaole

Hiyo karatasi ya makubaliano iandikwe kwa uwazi: unanunua mchoro wenyewe, haki ya kuuchapa inabaki kwa mchoraji au warithi wake. Taja kichwa, mwaka, gazeti, ukubwa, bei, sahihi mbili na shahidi. Kila upande nakala yake. Ukija Bagamoyo nitakutambulisha kwa wazee wawili watatu ambao bado wana kazi zao za zamani, lakini njoo na nauli ya kurudi mara nyingi, maana hawauzi siku ya kwanza.

Vipuri_Chumbageni

Nitakuja baada ya Idi, inshallah. Mzee, swali la mwisho: nasikia kuna lenzi ya kutofautishia wino wa mkono na uchapaji. Niagize kutoka nje?

MpigaPlate

Hapana. Lenzi ya fundi saa, inayokuza mara kumi, inatosha. Ulizia kwa mafundi saa wa Ngamiani. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza karatasi mpaka ionekane, usisogeze lenzi. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu, umeshika kitu kilichochapwa. Ukiona weusi umejaa, kingo zake zimezama kidogo kwenye nyuzi za karatasi, na kwenye sehemu pana njia ya brashi inaonekana ukiinamisha, geuza nyuma ukatafute muhuri.