Hakathoni za bure vyuoni: mliowahi kushiriki, tupeane uzoefu

Kaka Mkubwa (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Wadogo zangu wawili wako chuo mwaka wa pili, mmoja anaandika programu, mwingine ni dizaina. Wanafunzi wenzao wameandaa hakathoni ya wikiendi (makundi yanachagua tatizo na kutengeneza suluhisho la kidijitali kwa muda mfupi, kisha yanawasilisha kwa majaji), haina kiingilio, ila wote wawili wanasita. Huyu anaona hajui vya kutosha, yule anaamini ni mambo ya watu wa kompyuta tu. Mimi nimeshawaambia waende. Mliowahi kushiriki, naomba mseme mlijiandaaje, mkafanya nini, na mlitoka na nini. Zawadi tuziweke pembeni kwanza.

Dizaina wa Kijitonyama
Mkuu, nianze na huyo dizaina. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa CoICT, kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), hapa Kijitonyama. Kundi letu lilichukua tatizo la kinamama kusahau tarehe za kliniki, na sote tulikuwa tunafikiria programu nzuri ya simu janja. Kabla hatujafungua laptopu, mwenzetu mmoja akasema twende kwanza tukaongee na kinamama wenyewe. Wengi wao walikuwa na vitochi. Basi simu janja ikafa palepale, tukahamia USSD, huduma ile ya kubonyeza nyota na reli kama unavyotuma pesa.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Ujumbe mmoja wa USSD unabeba herufi 182, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Hakuna rangi, hakuna picha. Nilikaa kwenye karatasi nikipanga nini kitangulie, nini kiondoke. Menyu ya kwanza ilikuwa na chaguo nane. Tukamwomba mama lishe wa jirani aijaribu, na kabla hajamaliza kusoma chaguo la tano, huduma ikajifunga. Tukabakiza matatu. Akajaribu tena, akafika mwisho bila kuuliza mtu. Sijawahi kufundishwa usanifu darasani kwa namna ile. Mwambie mdogo wako aende, wanamhitaji kuliko anavyodhani.

Terminali
Kwa upande wa programu, asiogope lugha, aogope kwenda bila maandalizi. Ajue Git mapema, programu ya kutunza kila hatua ya mabadiliko ya msimbo. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaojenga mfumo endeshi wa Linux wakiwa nchi tofauti, na uzuri wake ni kwamba historia yote ya mradi iko kwenye mashine yako. Waifai ya ukumbi ikizidiwa (na itazidiwa, watu wote wanapakua kwa wakati mmoja), wewe unaendelea kuhifadhi hatua zako, mtandao ukirudi ndipo unapandisha.

Apakue maktaba za programu akiwa nyumbani. Abebe ekstensheni, bando la akiba, chaji ijae. Na kundi ligawane kazi saa ya kwanza: nani anashika seva, nani skrini, nani data, nani atawasilisha mbele ya majaji. Nimeona makundi yenye vichwa vikali yakikwama kwa sababu watu watatu walikuwa wanahariri faili lilelile.

Mpima Ardhi
Mimi siandiki msimbo kabisa, lakini naleta la kwangu kwa sababu linahusiana. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wenyeji, ilipoanza mwaka 2015, ilichukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa UDSM kuchora ramani za kata za Dar zinazokumbwa na mafuriko. Tulitembea mitaa ya kando ya Mto Msimbazi na wenyeji, tukiweka mifereji, njia, madaraja madogo. Mzee mmoja alitushika mkono hadi ukutani kwake akatuonyesha alama maji yalipofika. Hicho huwezi kukiona kwenye picha ya setilaiti.

Kazi ile yote iliingia OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, iko wazi mpaka leo. Kwa hiyo kundi likitaka ramani ya Dar, lisianze sifuri, lipakue huko. Sharti ni kutaja chanzo, na mkiiboresha hifadhidata yenyewe mkaisambaza, nayo ibaki wazi. Kila nikiona kundi la vijana linatumia data ile nafurahi sana, maana najua jua tulilolipata.

Kaka Mkubwa
Ahsanteni sana. Mmoja anauliza: wazo likiibwa je?

Mwanasheria Mtarajiwa
Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu uliyoiandika, hailindi wazo tupu. Ndiyo maana nashauri wasome fomu ya usajili kabla ya kusaini. Sisi tulikuta kifungu kinachosema kila kitakachotengenezwa ni mali ya mdhamini. Tukauliza kwa adabu, waandaaji wakakubali kukifuta. Ndani ya kundi pia waandikiane mapema nani ana haki gani, ukurasa mmoja unatosha.

Binti wa Eldoret
Nawasalimu kutoka Kenya. Nitasema kama mwandaaji. Mara ya kwanza tulikesha usiku kucha, na mabinti walikuwa wachache mno. Tulipowauliza, jibu lilikuwa moja: geti la hosteli linafungwa, na kurudi usiku si salama. Safari iliyofuata tukafanya mchana, siku mbili, tunafunga kabla ya giza. Walikuja wengi. Chai na maandazi asubuhi, githeri mchana, na kona tulivu ya kunyonyesha kwa dada aliyekuja na mtoto. Waambie wadogo zako waulize mambo haya kwa waandaaji wao. Kama ni bure, basi kila mtu aweze kuifikia.

Kaka Mkubwa
Dada, shukrani, hilo nawapelekea leo hii. Wote wawili wameshajisajili. Dizaina anauliza mtu anajaribu wapi USSD kama hana namba maalumu ya kampuni ya simu?

Dizaina wa Kijitonyama
Africa's Talking, kampuni inayowaunganisha watengeneza programu na huduma za mitandao ya simu, wana mazingira ya majaribio yenye simu ya mfano kwenye kompyuta, halipii chochote. Afungue akaunti sasa hivi, aicheze wiki hii. Na akipata menyu ya kwanza ailete hapa, tutaisoma pamoja.