PCB au CBG? Nisaidieni kabla sijajaza fomu

BintiKonde

Assalamu alaykum. Mie ni binti wa Konde, Pemba. Kidato cha nne nimemaliza na matokeo nnayo: Bayolojia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati C, Jiografia A, Kiswahili A, Kiingereza B. Mengine hayahusu hapa. Sasa nnajaza fomu ya kidato cha tano, nichague PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia) au CBG (Kemia, Bayolojia na Jiografia).

Baba hataki kusikia jengine isipokuwa PCB. Tangu niko darasa la pili ananiita daktari mbele ya wageni, na wageni washazoea, wengine hunionesha mpaka vidonda vyao. Lakini hiyo C ya Fizikia najua nilivyoipata. Nilihifadhi majibu ya mitihani iliyopita, nikaomba Mungu yarudi yale yale, na mengine yakarudi kweli. Jiografia sikuhifadhi kitu. Ukinipa ramani nakaa nayo mpaka chakula kinapoa.

Tena kuna mzigo. Nikitoka skuli, alasiri nnamsaidia maalim kusomesha watoto chuoni, yaani madrasa. Msimu wa karafuu ukiingia nyumba nzima iko kwenye majamvi, usiku kuchambua, asubuhi kuanika. Dakhalia (bweni) baba hajakubali, kwa hiyo ni kwenda na kurudi.

Masuali yangu: PCB ni nzito kweli kuliko CBG au maneno ya watu tu? Nikisoma CBG udaktari ndio basi tena? Na nyinyi mliopita huko mlikuwa mkisoma saa ngapi?

Mzee wa Mtambwe

Wa alaykumu salaam. Mwanangu, msikilize baba yako. Somo halina uzito kwa mwenye nia. Sisi tulisoma kwa kibatari.

DadaWete

Mzee wangu shikamoo. Kibatari tumekisikia, lakini mtoto kauliza jambo la kuhesabika, basi tuhesabu.

Mdogo wangu, mie nilisoma PCB hapa hapa Pemba, nikamaliza kidato cha sita 2019, na sasa nasomesha Bayolojia na Kemia huko Unguja. Kwa mtihani tulioufanya sisi, Fizikia ina karatasi tatu, Kemia tatu, Bayolojia tatu, na ile ya tatu kila somo ni ya maabara. Ongeza BAM (hesabu za msingi kwa wasiochukua Hisabati) moja na GS (maarifa ya jumla) moja, zinakuwa 11. Mwenzako wa CBG ana Jiografia ya karatasi mbili badala ya Fizikia ya karatasi tatu, kwa hiyo anafanya 10. Anayesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ana saba. Mitaala inabadilishwa siku hizi, kwa hiyo hayo ya BAM na GS yaulize skuli unayokwenda.

Umeona? Ukihesabu karatasi, PCB na CBG zinapishana moja tu. Uzito hauko hapo. Jiografia ukikosa kuisoma wiki mbili, unakaa Ijumaa na Jumamosi unaifukuzia. Fizikia ya kidato cha tano ukiiacha wiki mbili, unakuta mwalimu anatumia kanuni aliyoijenga juu ya kanuni nyengine ambayo wewe hukuwepo ilipojengwa. Haisomwi kwa kulala na buku kifuani. Inataka kalamu, karatasi na saa nzima ya kukosea peke yako, kila siku. Wewe mwenye chuo na karafuu, suala si kama una akili. Una hiyo saa moja ya kila siku au huna?

Na hiyo C yako, waulize walimu wako mitihani ya majaribio ulikuwa ukipata ngapi. C ya kidato cha nne inaanzia 45 mpaka 64. Wa 46 na wa 63 wanaandikiwa herufi moja, lakini hawa si wanafunzi sawa. Huko juu, kidato cha sita, C inaanzia 60, na ukiwa na 46 unapewa E. Ndiyo maana watu wanaingia na C tatu wakatoka wanalia, wanadhani wameporomoka na kumbe wako pale pale.

Udaktari sikufichi. Kwa kidato cha sita, shahada ya udaktari inataka ufaulu mkuu, yaani A mpaka E, katika Fizikia, Kemia na Bayolojia, yote matatu, kwa hiyo CBG haikupeleki huko moja kwa moja. Masharti ya kila kozi yamo kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unaotoka kila mwaka. Mwombe mtu mwenye simu nzuri akupakulie, ukae nao wewe na baba, mguse kila mstari kwa kidole. Usikubali maneno ya kijiweni, hata haya yangu.

Lakini CBG si jaa la walioshindwa, na hili linaniudhi nikilisikia kwa walimu wenzangu. Wako watu wa mazingira, uvuvi, kilimo, ualimu wa sayansi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Buyu, Unguja, si Ulaya. Kisiwa kizima kinaishi kwa bahari na mikarafuu, halafu anayetaka kusoma bahari na udongo tunamwonea huruma!

Saa za kusoma: mie hesabu na Fizikia nilizifanya baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, maana zinataka kichwa kibichi. Bayolojia usiku, kwa kusimuliana na wenzangu wawili. Mmoja anaeleza figo linavyochuja, wengine tunamkatiza kila akiruka kitu. Kemia ogania niliibandika ukutani jikoni, mama akawa ananiuliza bila ya kujua anachouliza. BAM usiidharau. Kwa kuwa haiingii kwenye pointi za divisheni, watu wanaiachia mpaka Aprili, na ziko kozi za chuo kikuu zinakuuliza ulipata nini humo.

Chuoni zungumza na maalim mapema, umsaidie siku chache kwa wiki na si zote. Atakubali, hao wanajua thamani ya elimu kuliko tunavyowadhania. Karafuu siwezi kukusaidia, hapo ni kuomba tu kwamba mtihani ni Mei na msimu mkubwa ushapita. Ila sisi 2019 Mei ilitukuta na Ramadhani. Nilifanya maabara ya Kemia na saumu, koo limekauka, na bomba la kunyonyea mkononi.

Ami Chake

Dada kasema vyema. Naongeza moja tu, kwa sababu nafanya kazi kituo cha afya na vijana wengi hawalijui. Kwa matokeo hayo hayo ya kidato cha nne, binti anaweza kuomba diploma ya utabibu bila ya kupita kidato cha sita, maana Bayolojia, Kemia na Fizikia zote kafaulu. Ni miaka mitatu, anatoka na kazi mkononi. Akitaka shahada ya udaktari baadaye, mlango upo kwa mwenye diploma yenye GPA (wastani wa alama) nzuri. Muulize baba kama anataka binti atibu watu au anataka PCB. Hayo ni mambo mawili.

Mzee wa Mtambwe

Hilo la diploma sikulijua. Basi na mie nna mjukuu wa kumwambia.

BintiKonde

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Hayo ya diploma baba hayajui, na mie siwezi kumwambia uso kwa uso ataona namkatalia. Mjomba wangu yuko Chake, na baba humsikiliza. Nitamwomba aje Ijumaa baada ya sala.

Dada, kwa jirani yetu nimeazima buku la Fizikia la kidato cha tano. Nataka nilijaribu kabla ya kujaza fomu. Nianzie wapi?

DadaWete

Usianze na umeme, utaogopa bure. Anza na vipimo na makosa ya vipimo, ni sura ya mwanzo na haihitaji ulichosahau. Kisha nenda kwenye kitu kilichorushwa hewani. Fanya masuali bila ya kutazama majibu nyuma, wiki nzima, alfajiri. Ukikosa, angalia jambo moja: ulitaka kurudi kulijaribu tena, au ulifurahi adhana ilipokuita? Jibu hilo mpe mjomba kabla ya Ijumaa. Tena andika hapa baba kasema nini.

BintiKonde

Inshaallah. Sura ya mwanzo ina kurasa zimetoka, naenda kutafuta nyengine Wete kesho.