Kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku, si ndo kupayuka-payuka huko?

Msafiri_Mdogo:
Bwana asifiwe wapendwa. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa. Nilikuwa nasoma Didache, lile andiko fupi la Wakristo wa mwanzo kabisa, sura ya 8 inasema Baba Yetu isaliwe mara tatu kila siku, nikasema ngoja na mimi nijaribu. Siku za kwanza nilisali mpaka machozi, sa hivi nafika "utuokoe na yule mwovu" ndo nashtuka kumbe nimeshamaliza, akili yote ilikuwa kwenye kazi na madeni. Na Yesu alishakataza kupayuka-payuka, Mathayo 6:7. Niache nisali kwa maneno yangu au niendelee tu? Kiukweli naumia.

Zaburi_Usiku:
Amina mpendwa. Rudi usome mpaka mstari wa 9. Waliokatazwa ni wale wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi, halafu palepale Bwana anatoa Baba Yetu, sala fupi kabisa. Na kule Gethsemane je? Mathayo 26:44, akaomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Mtu aliyeelemewa hatafuti maneno mapya. Usiache.

Shemasi_K:
Naungana na hapo juu ila tusilifunike tatizo, maana lipo. Cyprian, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliandika kitabu kizima kuhusu Baba Yetu na humo anauliza, unatakaje Mungu akusikie wakati wewe mwenyewe hujisikii? Mimi swali hilo lilinichoma sana. Anasema ndo maana kabla ya sala padre anawaambia watu wainue mioyo, nao wanajibu wameiinua kwa Bwana, yani hata enzi zile watu walikuwa wanasinzia kiroho wakiwa wamesimama. Kwa hiyo kabla hujaanza kaa kimya kidogo kwanza, usiingie unakimbia.

mama_wa_neema:
Mwanangu mbona hayo yanayokutoa kwenye sala yamo humohumo ndani ya sala? Kazi ndo "utupe leo riziki yetu". Madeni, najua pale Bwana anaongelea dhambi, ila unapotamka "deni zetu" na la kwako mpelekee, Baba hakufukuzi. Na ujue ni YETU sio yangu, huyo huyo Cyprian kalisema hilo, kwamba hatusemi Baba yangu. Mimi nikifika kwenye riziki natajaga jina la mtu ninayejua hana kitu siku hiyo, basi akili inarudi yenyewe.

Msafiri_Mdogo:
Mama asante sana. Jioni hii nilikaa kimya kwanza kama alivyosema Shemasi, nikaanza, nikafika "deni zetu" nikakwama hapo, maana kuna mtu na mimi namdai na sijamsalimia tangu mwaka jana. Sijamaliza sala. Nimempigia simu.