Isoma za C5H12: nimechora tano, mwalimu kanipa vema tatu tu

BintiPCB
Habari zenu wakuu. Niko form five, oganiki ndo tumeianza na tayari inanichanganya. Tulipewa zoezi tuchore isoma zote za C5H12 (yaani molekuli zenye kaboni 5 na hidrojeni 12 zile zile ila zimeungana kwa mpangilio tofauti), nikachora tano nikiwa na uhakika kabisa, daftari limerudi na vema tatu na kosa mbili. Moja nilichora mnyororo wa kaboni tano umekata kona kama herufi L, nyingine methili (tawi la CH3) nimeibandika kaboni ya tatu nikaiita 3-methilibutani. Kwa macho hizo picha hazifanani na zile zingine hata kidogo!! Halafu ukurasa wa pili tunaambiwa but-2-eni (kaboni nne, zile mbili za katikati zimeshikana kwa bondi mbili) ziko mbili, cis (methili zote upande mmoja) na trans (pande tofauti), na tofauti yake ni kugeuka upande tu. Sasa mbona huku kugeuka kunahesabika na kule hakuhesabiki?

Mzee wa Maabara
Mdogo wangu, umbo la mchoro liache kwanza, angalia nani kashikana na nani. Weka kidole kwenye kaboni ya mwisho ya hiyo L yako ufuate mpaka mwisho mwingine, umepita kaboni tano bila kukuta tawi, basi hiyo ni pentani ile ile. Na mnyororo ulionyooka kama rula upo kwenye karatasi tu, kaboni yenye bondi nne moja moja inazitawanya kwa digrii kama 109.5 kwahiyo mnyororo wenyewe una kona kona siku zote. Hiyo 3-methilibutani anza kuhesabu kutokea upande wa pili, utakuta methili iko kaboni ya 2. Zinabaki tatu: pentani, 2-methilibutani na 2,2-dimethilipropani.

Dada wa Kemia
Naongezea hapo kwenye kugeuka maana na mimi palinitesa. Chukua viazi viwili vidogo, hivyo ndo kaboni, viunganishe kwa njiti moja ya kiberiti, hiyo ndo bondi moja kama za pentani, halafu shika kimoja uzungushe kingine, kinazunguka bila shida. Sasa chomeka njiti ya pili sambamba na ya kwanza, kama bondi mbili ya but-2-eni, ujaribu tena, hakizunguki mpaka njiti ivunjike au kiazi kichanike. Mimi nilifanya hivyo jikoni nikabaki nimevishika tu, kitu cha wiki mbili kimeeleweka kwa dakika moja.

Ila njiti zako zinafanana, bondi zenyewe hazifanani. Ya kwanza ni sigma, obitali (maeneo zinamokaa elektroni) zinakutana uso kwa uso, ukizungusha haipotezi kitu. Ya pili ni pai, obitali p mbili zinalaliana ubavu kwa ubavu, ukizungusha kaboni moja ule ubavu unaachana na bondi imekatika, na kuikata kunataka zaidi ya kilojuli 250 kwa moli wakati kuzungusha bondi moja ya ethani ni kama 12 tu. Ndo maana cis inabaki cis.

BintiPCB
Dada asante sana, nimejaribu na viazi kweli!! Sasa but-1-eni nayo ina bondi mbili, mbona haina cis na trans?

Dada wa Kemia
Angalia kaboni yake ya mwanzo mdogo wangu, imebeba hidrojeni mbili. Zibadilishane nafasi, umepata nini kipya? Hakuna. Lazima kila kaboni ya bondi mbili iwe imebeba vitu viwili tofauti.

Mzee wa Maabara
Na usidhani isoma ni mambo ya kuchora tu, hizo tatu zako ni vitu tofauti kabisa. Pentani inachemka nyuzi 36, 2-methilibutani 28, na ile ya tatu kama 10 hivi, maana imejikunja kama mpira kwahiyo molekuli zinagusana kidogo na mvuto kati yake unakuwa dhaifu. Yaani kwa joto la Dar saa saba mchana, nyuzi 31 hivi, pentani itatulia kwenye chupa, nyingine mbili zinachemka zenyewe bila jiko.